Matteo Ricci: Kasisi aliyefunguliwa lango la Beijing na saa
MSALABA nusura ukatize safari ya kasisi Matteo Ricci kabla hajatia mguu katika kasri ya mfalme wa China.

Mnamo mwaka wa 1600, Mwitaliano huyo wa shirika la Wajesuiti alikuwa njiani kuelekea Beijing na shehena ya zawadi za Mfalme Wanli: saa zinazogonga zenyewe, picha za Yesu na Bikira Maria, kinanda na vioo vya pembe tatu. Towashi Ma Tang, mtoza ushuru wa mfalme, alipopekua mizigo alikuta sanamu ya mtu aliyepigiliwa misumari, damu ikimchuruzika. Akaamini ni uchawi wa kumuua mfalme. Ricci alisita kutamka kwamba huyo ndiye Mungu wake, akaeleza kuwa ni mtakatifu mkuu wa kwao. Wageni hao wakazuiliwa Tianjin msimu wa baridi.

Kwa masimulizi ya Ricci mwenyewe, waliokolewa mfalme alipokumbuka habari za saa hizo na kuuliza ziko wapi. Wakaingia Beijing Januari 1601. Picha ya Bikira Maria ilimtia mfalme hofu kwa jinsi ilivyofanana na kiumbe hai, akampa mamake, muumini wa Kibudha. Lakini saa ilimteka moyo. Na saa isipotiwa ufunguo husimama; hivyo mapadre wakaruhusiwa kuingia kasrini mara nne kwa mwaka kuzitunza, ijapokuwa mfalme mwenyewe hakukubali kuonana nao.

Ricci, aliyezaliwa Macerata mwaka wa 1552, alisifika pia kwa kumbukumbu. Mwaka wa 1596, akiwa Nanchang, aliandika kitabu kuhusu namna ya kujenga jumba akilini na kuhifadhi humo mambo ya kukumbukwa, kwa ajili ya wana wa gavana waliokabiliwa na mitihani ya serikali. Mkubwa wao aliona mbinu hiyo yenyewe yahitaji kumbukumbu kali mno.

Alifariki Mei 11, 1610. Mfalme alitoa ardhi ya kumzika Beijing, heshima adimu kwa mgeni. Kaburi lilibomolewa katika machafuko ya mwaka wa 1900, likajengwa upya. Huko Shanghai, hadi karne ya 19, mafundi wa saa walimtukuza Li Madou, jina lake la Kichina, kama mlinzi wa kazi yao, wakimpa cheo cha Kibudha, dini aliyoipinga maishani.