MAISHA YA ANEURIN BEVAN, MUTOTO WA MUGODI

Leo tunawaelezea maisha ya mutu wa inchi ya Wales, ndani ya ufalme wa Uingereza.

Aneurin Bevan alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika muji wa Tredegar, penye watu walioishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Baba yake David alikuwa muchimbaji. Mutoto huyu alikuwa na kigugumizi. Alipokuwa na myaka 13 aliacha masomo, akatumika katika mugodi wa Ty-Trist. Lakini alipopanda juu alisoma vitabu katika maktaba ya wachimbaji. Nani angefikiri kama mwenye kigugumizi atakuwa musemaji mukubwa wa inchi yake!

Katika mwaka 1925 baba yake alikufa mikononi mwake. Vumbi ya makaa ilikuwa imemaliza mapafu yake. Jamaa haikupata malipo hata kidogo, maana sheria ya wakati ule haikuhesabu ugonjwa ule kuwa wa kazi. Sisi tunaofahamu nyumba za wachimbaji, tunajua kilio hicho.

Lakini watu wa Tredegar walikuwa na chama chao cha kusaidiana tangu mwaka 1890. Kila mutumikaji alikatwa peni chache kwa kila pauni ya mushahara, na chama kililipa wanganga, dawa, meno na miwani. Bevan alikaa katika kamati yake.

Aliingia bunge mwaka 1929, na mwaka 1945 akawa Waziri wa Afya. Alitaka jambo la muji wake lifike kwa watu wote. Wanganga wengi walikataa. Aliwaruhusu wale wakubwa wa lopitali waendelee kupokea wagonjwa wenye kulipa, na kwa hiyo alilaumiwa na rafiki zake. Hata hivyo, tarehe 5 Julai 1948 matunzo yalianza kutolewa kwa wote, tajiri na masikini, bila kulipa mbele ya munganga.

Mwaka 1951 serikali ilitaka watu walipe sehemu ya bei ya meno na miwani, kusudi ipate feza za silaha. Bevan aliacha uwaziri. Wengine waliita jambo hili kiburi. Sisi tunaona kwamba alikumbuka zile peni za Tredegar.

Alikufa tarehe 6 Julai 1960, mwaka mumoja baada ya Ty-Trist kufungwa. Juu ya mulima, karibu na Tredegar, kuna mawe manne makubwa: moja ni lake, matatu ni ya miji aliyoitumikia, Tredegar, Ebbw Vale na Rhymney.