Akii-Bua: Polisi wa Uganda aliyevunja rekodi ya dunia, kisha akaishia ukimbizini

Kwa watu wa Geita na Shinyanga, ukitaja dhahabu akili inakwenda moja kwa moja kwenye maduara, makarasha na mialo. Ila ng'ambo ya Ziwa Victoria kuna dhahabu moja iliyopatikana kwa miguu.

Ni ya John Akii-Bua, polisi wa Uganda aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Na stori yake inawahusu Watanzania kuliko wengi wanavyodhani.

Mchunga ng'ombe aliyeingia polisi

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Abako, Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake kadhaa na watoto 43.

Utoto wake kijana yeyote wa Kisukuma anaujua: kushinda porini na ng'ombe. Mzee wake alipofariki, shule ikaishia njiani. Akaenda Kampala kutafuta maisha, akapata kazi polisi.

Huko polisi ndiko kipaji kilikoonekana. Alianza na viunzi vya mbio fupi, lakini kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamhamishia mita 400. Mwaka 1970 akashika nafasi ya nne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh.

Baada ya hapo jamaa akakomaa. Alikuwa akifanya mazoezi ya kuruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito wa kilo zipatazo 11.

Sekunde 47.82

Fainali ya Munich ilikuwa Septemba 2, 1972. Akii-Bua akapangiwa njia namba 1, ambayo wakimbiaji wengi hawaitaki. Kona yake ni kali kuliko zote, na unaanza ukiwa nyuma huku wenzako wote unawaona mbele.

Kati ya wapinzani alikuwemo Mwingereza David Hemery, bingwa mtetezi na mshikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Mmarekani Ralph Mann.

Walipotoka kona ya mwisho, Akii-Bua akawaacha. Akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann akapata fedha, Hemery shaba.

Baada ya kumaliza hakukaa chini kupumzika. Akaendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akirukaruka kama vile viunzi bado vipo.

Shujaa chini ya Amin

Nyumbani alipokelewa kishujaa. Rais Idi Amin akampandisha cheo polisi na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake.

Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote, rais ambaye Amin alimpindua Januari 1971. Walango na Waacholi wengi waliuawa katika miaka ile. Kwa hiyo bingwa aliishi akisifiwa na serikali ileile iliyokuwa ikiwaua watu wake.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zikasusia Olimpiki ya Montreal. Sababu ilikuwa New Zealand kupeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Akii-Bua alikuwa na miaka 26, na nafasi ya kutetea dhahabu ikapotea. Mmarekani Edwin Moses akashinda kwa sekunde 47.64 na kuichukua rekodi ya dunia.

Vita vya Kagera

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Kilichofuata wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanakikumbuka. JWTZ wakayarudisha nyuma, wakavuka mpaka na kusonga mbele pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Kwa Akii-Bua hapakuwa na upande salama. Watu wa Amin wangeweza kumuua kwa kabila lake. Waliompinga Amin nao wangeweza kumhesabu kuwa mtu wa Amin, kwa sababu alipewa vyeo. Akakimbilia Kenya na familia yake, na bingwa wa Olimpiki akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi.

Habari zake zilipofika Ulaya, kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kuhamia Ujerumani na kumpa kazi.

Mwaka 1980 alirudi Olimpiki, huko Moscow, akiwa na miaka 30. Hakuvuka nusu fainali. Kwenye michezo hiyohiyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliipa Tanzania medali mbili za fedha, ambazo hadi leo ndizo pekee tulizonazo.

Mwisho wake

Baadaye Akii-Bua alirudi Uganda, akaendelea na polisi na kufundisha riadha. Alifariki Kampala Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47. Mke wake alikuwa ameshatangulia, na aliacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathon London mwaka 2012.

Tanzania bado inaisubiri ya kwanza. Na vijana wenye mbio wapo, wengine sasa hivi wako nyuma ya ng'ombe huko Shinyanga, kama alivyokuwa yeye.