Abdus Salam na Chembe Nzito

Dagaa wanaouzwa katika soko la mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, hukaushwa kwa jua. Jua hilo limewaka kwa muda wa miaka bilioni 4.6 hivi. Kama lingalitumia hidrojeni yake upesi, lingalikwisha kuzimika zamani sana. Linawaka polepole kwa sababu ndani yake protoni hugeuka kuwa nyutroni kwa nadra mno, na kazi hiyo ya kuzigeuza hufanywa na kani iitwayo kani hafifu. Abdus Salam alikuwa mmoja wa watu waliotufumbulia siri ya kani hiyo.

Salam alizaliwa tarehe 29 Januari, 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa wakulima katika Punjab, nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza na ambayo sasa imo Pakistani. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa kumaliza shule, akapata alama nyingi kuliko mtahiniwa yeyote aliyemtangulia katika mkoa wote. Aliporudi nyumbani kwa baiskeli, watu wa mji walikuwa wamejipanga njiani kumlaki. Mwaka 1946 alipewa msaada wa masomo uliotengwa kwa ajili ya watoto wa wakulima wadogo, akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko alifuzu hisabati na fizikia, zote kwa daraja la kwanza.

Mwaka 1951 alirudi kwao kufundisha katika mji wa Lahore. Alitamani kuendelea na utafiti, lakini hapakuwa na mwenzake hata mmoja wa kujadiliana naye, na majarida ya sayansi yalikuwa adimu. Zaidi ya hayo, mkuu wa chuo alimtaka achague kazi ya ziada: kulinda bweni, kutunza hesabu za fedha, au kusimamia timu ya mpira wa miguu. Salam akachagua mpira. Hata hivyo alitambua kwamba mwanafizikia aliye peke yake hukauka kama mmea usionyweshewa maji. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na sayansi yake, na mwaka 1954 akarejea Cambridge. Wako waliomlaumu kwa kuondoka. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu kabla ya kusikia alilolifanya baadaye.

Tangu mwaka 1957 Salam alikuwa profesa mjini London. Huko alichunguza swali gumu. Kani ya sumaku na umeme huenea mbali sana, lakini kani hafifu hutenda ndani ya kiini cha atomi tu. Je, yawezekana kwamba kani hizo mbili ni matawi ya mti mmoja? Salam alijibu ndiyo. Steven Weinberg na Sheldon Glashow wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walifikia fikira hiyo hiyo. Kani ya sumaku na umeme huchukuliwa na chembe za nuru, ambazo hazina uzito wowote. Kani hafifu nayo huchukuliwa na chembe zilizo nzito mno, zilizopewa majina ya W na Z. Uzito huo ndio unaoifanya kani iwe hafifu. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, kwa kuwa dalili za kutosha zilikwisha kupatikana, ijapokuwa chembe zenyewe hazijaonekana bado.

Zingeonekanaje? Protoni ikikimbizwa hadi kukaribia mwendo wa nuru hubeba nishati nyingi sana. Ikigongana uso kwa uso na chembe nyingine iendayo kasi hiyo hiyo, nishati ya mwendo yaweza kugeuka na kuwa chembe mpya, nzito kuliko zile zilizogongana. Jambo hili ni geni machoni petu. Nani amewahi kuona dagaa wawili wakigongana akatokea sato? Lakini katika ulimwengu wa chembe ndivyo ilivyo.

Kazi hiyo ilifanywa katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, katika handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 7 hivi. Protoni zilizungushwa upande mmoja, na antiprotoni, yaani chembe zenye uzito ule ule lakini zenye chaji ya kinyume, upande wa pili. Carlo Rubbia na Simon van der Meer ndio walioifanikisha. Chembe W haidumu. Huvunjika papo hapo. Kinachoonekana ni elektroni yenye nishati nyingi ikichomoka upande mmoja, na upande wa pili hapaonekani kitu, kwa kuwa neutrino hupita bila kuacha alama. Kutokana na pengo hilo wanasayansi hupiga hesabu ya uzito. Katika migongano karibu bilioni 1, kila mtambo wa kupimia ulipata matukio ya namna hiyo yasiyozidi 10. Hivyo mwaka 1983 W ilitangazwa, kisha Z. W ina uzito wa protoni 86 hivi, na Z protoni 97. Hesabu za Salam na wenzake zilikuwa sahihi.

Lakini mwaka 1964, kabla ya sifa hizo zote, Salam alikuwa amekwisha kuanzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia. Alitaka walimu wa vyuo vya nchi maskini waende huko wakati wa likizo, wafanye utafiti pamoja na wenzao, kisha warudi makwao kufundisha, ili wasilazimike kuchagua kama alivyolazimika yeye. Fedha alizopata za Nobel alizitoa zote kwa ajili ya wanafizikia wa nchi hizo. Waafrika wengi wamepita katika kituo hicho. Salam alifariki tarehe 21 Novemba, 1996, akazikwa Pakistani, na mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake. Mwaka 2018 taasisi iliyo mshirika wa kituo hicho ilifunguliwa Kigali, Rwanda, kwa ajili ya Afrika Mashariki. Kutoka Mwanza, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam.