Henry Sorby, mtu aliyeona punje ndani ya chuma

Katika Bonde la Ruzizi, kuanzia Mutarule mpaka Sange, mkulima anajua kwamba jembe moja linadumu misimu mingi na lingine linalika upesi, ijapokuwa yote mawili ni chuma. Aliyefungua njia ya kuelewa sababu ni Henry Clifton Sorby.

Alizaliwa mwaka wa 1826 karibu na Sheffield, inchi ya Uingereza, mji wa visu na tupa. Jamaa yake walikuwa watu wa kutengeneza vyombo vya chuma. Baba yake alifariki mwaka wa 1847, akamwachia mali ya kutosha. Sorby hakutafuta mshahara, wala hakuoa. Alifanya uchunguzi nyumbani, alimoishi na mama yake.

Alianza na mawe. Aliyasaga mpaka yakawa membamba, mwanga ukapenya, halafu akayatazama kwa mikroskopi. Wengine walimcheka.

Mwaka wa 1863 akageukia chuma. Alisugua kipande mpaka kikang'aa kama kioo, akakipaka asidi kidogo. Kumbe chuma si kitu kimoja! Ni punje-punje zilizobanana. Mwaka wa 1864 akaonyesha picha zake mjini Bath, lakini kwa miaka kama 20 hivi wenye viwanda hawakujali. Yeye mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba wakati ule, kama angeomba kupima reli kwa mikroskopi kisha ajali ya treni, wangemuona kichaa.

Katika miaka ya 1880 alirudia kazi ile kwa lenzi zenye nguvu zaidi. Aliona ndani ya punje tabaka nyembamba sana: chuma laini, kisha kitu kigumu, zikipokezana.

Sorby alifariki mwaka wa 1908. Aina moja ya muundo wa chuma, yenye tabaka ndogo mno, ikaitwa sorbaiti kwa heshima yake, na reli za namna hiyo zilitengenezwa ili zisilike upesi. Miaka ya 1951 na 1953, Hall na Petch walionyesha kwa hesabu kwamba punje zikiwa ndogo, chuma kinakuwa kigumu zaidi. Na kilicho kigumu, mara nyingi, mchanga unashindwa kukila haraka.

Ndiyo sababu fundi anayeacha jembe motoni kupita kiasi analiharibu: moto mkali unakuza punje, na chuma kinakuwa rahisi kuvunjika. Kwa jicho hazionekani, lakini shambani mkulima anazilipia.