Gossage: Fundi sabuni aliyewatangulia wadhamini wa Kariakoo

MASHABIKI wazee wa Ilala na Kariakoo wanalijua jina la Gossage kama jina la kombe. Kabla halijawa kombe, lilikuwa jina la mtu: fundi sabuni wa Uingereza, aliyefariki miaka 49 kabla ya mechi ya kwanza ya kombe hilo kupigwa.

Leo, ukitoka Msimbazi yaliko makao ya Simba mpaka Jangwani kwa Yanga, kila kibanda kina jezi yenye nembo ya kampuni kifuani. Vijana wanaomaliza chuo wanazisaka kazi za masoko ya michezo, kazi ambayo sehemu kubwa ni kuuza nafasi hiyo ya kifua. Kwa soka la Afrika Mashariki, biashara hiyo ina mizizi mirefu, na mmoja wa mizizi hiyo ni maisha ya William Gossage.

Kijana wa duka la dawa

Gossage alizaliwa mwaka 1799 katika jimbo la Lincolnshire, mtoto wa mwisho kati ya 13. Chuo hakukiona. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Chesterfield kujifunza kazi kwa jamaa yake mwenye duka la dawa, na huko akawa anajisomea kemia na Kifaransa mwenyewe.

Alihangaika kama kijana yeyote anayetafuta maisha. Aliuza chumvi za tiba mjini Leamington, na mwaka 1831 akaingia ubia wa kiwanda cha chumvi na magadi huko Stoke Prior. Viwanda vya magadi wakati ule vilikuwa balaa kwa majirani, maana moshi wake wa tindikali uliunguza miti na mazao. Gossage alichukua kinu cha upepo kilichoachwa, akakijaza matawi ya vichaka, akamwagia maji kutoka juu ili yaunase moshi. Mwaka 1836 akapata hakimiliki ya mnara huo. Mwaka 1863 serikali ya Uingereza ilipotunga sheria ya kudhibiti moshi wa viwanda hivyo, minara ya Gossage ndiyo iliyowawezesha wenye viwanda kuitii.

Mche wa bei nafuu

Mwaka 1850 alihamia Widnes, karibu na Liverpool, na huko ndiko alikotoboa. Kodi ya sabuni ilifutwa mwaka 1853, lakini mafuta ya wanyama ya kutengenezea sabuni yalikuwa ghali. Gossage akabuni njia ya kuchanganya sabuni na silikati ya soda, inayotokana na mchanga na magadi. Mafuta yakatumika kidogo, bei ya mche ikashuka, na mtu wa kipato cha chini akaweza kufua kwa sabuni ya dukani.

Mwaka 1857 akatoa sabuni yenye mabakamabaka ya rangi, ambayo mnunuzi aliitambua kwa jicho tu. Mwaka 1862 ikapata medali kwenye maonyesho makubwa ya London. Alipofariki mwaka 1877, kiwanda kilikuwa na jina kubwa, na kampuni iliyobeba jina lake na la wanawe ikaendelea kusafirisha sabuni ng'ambo kwa wingi.

Jina laingia uwanjani

Mwaka 1926 kampuni hiyo ikatoa kombe lishindaniwe na Kenya na Uganda. Kenya ikalibeba la kwanza. Kariakoo, iliyopata jina kutokana na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa bado mtaa mchanga. Yanga ilikuwa haijazaliwa hadi 1935, na Simba hadi 1936.

Tanganyika iliingia mwaka 1945, kisha Zanzibar nayo ikajiunga. Mwaka 1949, 1950 na 1951 Tanganyika ikalichukua mfululizo, halafu likarudi tena nchini mwaka 1964 na 1965. Wachezaji walikuwa wa ridhaa, watu wenye kazi zao, lakini kila ushindi wao ulilipaisha jina la sabuni.

Cha ajabu, kampuni yenyewe ilikuwa imeshauzwa tangu 1911, na baadaye ikaangukia mikononi mwa Lever Brothers. Kiwanda cha Widnes kikafungwa miaka ya 1930. Huku Afrika Mashariki, Gossage liliendelea kutajwa mpaka 1966. Mwaka uliofuata mashindano yakaitwa Kombe la Chalenji, na tangu 1973 yako chini ya Cecafa.

Hesabu yake ndiyo hii: kampuni ilitoa kombe, soka likatoa miaka 40 ya kutajwa. Mwenye sabuni alipata dili la mwaka.

Chapa zilizofuata zinalipia kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mwaka 2010 Chalenji ilipigwa Dar es Salaam ikiitwa Tusker, na Shadrack Nsajigwa akafunga penalti iliyoizamisha Ivory Coast fainali. Mwaka 2017 SportPesa ikazichukua Simba na Yanga kwa mpigo. Mwaka 2022 Yanga ikabaki nao, Simba ikaenda M-Bet.

Kijana anayeingia kazi hii kwa upande wa klabu ana la kujifunza hapo. Gossage hakumjua mchezaji hata mmoja wa Tanganyika. Jina lake lilidumu kwa sababu mche wake ulikuwa mzuri na wa bei nafuu, na kwa sababu watu walijaa uwanjani. La kwanza ni jasho la mwenye kiwanda. La pili ni mali ya klabu na mashabiki wake, na anayekwenda mezani kuliuza sharti ajue bei yake kabla hajashika kalamu.