SHEIKH ABDULLA SALEH FARSY NA JIRANI ASIYEJUA KIARABU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ndugu zetu wa mwambao wamezoea kusikia adhana pande zote, na kwa hivyo ni vigumu kwao kuitambua hali ya Waislamu wa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru. Huko mlimani Uislamu uliingia zaidi kwa askari, wapagazi na wafanya biashara. Boma ya Nyeri ilijengwa mwaka 1902, na mwaka huo huo mapadri wa Consolata walifika katika nchi ya Wakikuyu. Waskoti nao wakaweka misheni yao Tumutumu. Hao walifungua skuli, wakawasomesha watu Kitabu chao kwa lugha ya kwao. Sisi tulikisoma chetu kwa Kiarabu, na jirani akituuliza kina nini ndani yake, mara nyingi tulinyamaza.

Aliyelivunja kimya hilo kwa kitabu kizima ni marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasoma kwa wanavyuoni wakubwa wa huko, miongoni mwao Sayyid Omar bin Sumeit. Alikuwa pia mwalimu wa skuli za serikali kwa miaka mingi, na jambo hili tunaliona kuwa kubwa, kwani mwalimu wa watoto hujifunza kueleza, na si kila mwanachuoni anayejua kueleza.

Wakati huo asiyejua Kiarabu alikuwa na tafsiri ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Unguja, iliyotoka mwaka 1923. Basi Mkristo aliyetaka kuujua Uislamu aliupata kwa mkono wa asiyeuamini. Mwaka 1953 Makadiani nao wakatoa yao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa amekwisha kuanza tafsiri kwa Kiswahili, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuitimiza. Sheikh Abdulla alishika njia hiyo hiyo, akitoa kazi yake sehemu kwa sehemu.

Mwaka 1960 alifanywa Kadhi Unguja. Baada ya mapinduzi ya 1964 alihamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi nzima, bara na pwani. Mwaka uliofuata, 1969, Qurani Takatifu ilitoka kamili mjini Nairobi, Kiarabu na Kiswahili pamoja. Tangu hapo Mkikuyu wa Nyeri aliyesoma Kiswahili skuli aliweza kuifungua Sura ya Maryam mwenyewe, akaona anavyotajwa Nabii Isa na mama yake, pasipo kumtegemea padri wala sheikh.

Hatusemi kazi hiyo haina taabu. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye Kiarabu kingi, na mtu wa bara hukwama. Maelezo yake mengine ni makali kwa wapinzani, na jirani aliyekuja kwa wema huenda akadhani anagombezwa yeye. Ndiyo maana kitabu hiki hutaka mtu wa kukaa na msomaji na kumfafanulia kwa upole.

Sheikh alimalizia umri wake Oman, akafariki mwaka 1982. Mwenye nakala ya ziada nyumbani kwake, hapa Mombasa au Lamu, na aipeleke msikiti wowote wa miji ya mlimani, iwekwe mahali ambapo hata asiye Mwislamu ataweza kuiomba.