Dakta Papanicolaou na Kansa ya Mji wa Mimba

Akina mama wengi walio hai leo wameokolewa na kazi ya Mgiriki mmoja mvumilivu, Dakta George Papanicolaou, ijapokuwa pengine hawalijui jina lake.

Alizaliwa mwaka wa 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kisiwani Euboea. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea kazi hiyo hiyo Athens, kisha elimu ya viumbe huko Munich, Ujerumani. Mwaka wa 1913 alihamia New York pamoja na mkewe, Mary. Maisha yalikuwa magumu. Daktari mzima akauza mazulia dukani, mkewe akishona vifungo, mpaka alipopata kazi katika maabara ya Chuo cha Cornell.

Huko alichunguza simbilisi. Alichukua ute wa ukeni mwa wanyama hao, akaupaka juu ya kioo na kutazama kwa hadubini jinsi chembe zake zinavyobadilika. Kisha akageukia wanadamu, na Mary akakubali kupimwa kwa miaka mingi. Katika ute wa wagonjwa fulani aliona chembe zenye umbo lisilo la kawaida. Zilikuwa za kansa.

Alitangaza habari hiyo mwaka wa 1928 mjini Battle Creek, Marekani, lakini wenzake hawakuitilia maanani. Wao walikuwa wakikata kipande cha nyama na kukipima, wakaona yatosha. Lakini ni nani akatwaye nyama kabla ya kuugua? Kansa hii huanza kimya kimya, pasipo maumivu. Dalili ya mvua ni mawingu, na Papanicolaou alikuwa ameyaona mapema.

Hakukata tamaa. Yeye na Dakta Herbert Traut walipima wanawake wengi, wakachapisha matokeo mwaka wa 1941 na kitabu mwaka wa 1943. Hapo madaktari wakasadiki. Katika nchi zilizopima wanawake kwa mpango, vifo vya kansa ya shingo ya mji wa mimba vilipungua sana. Ile ianzayo ndani ya mji wenyewe kipimo hiki huikosa mara nyingi. Kwa hiyo mama atokwaye damu baada ya kukoma hedhi amwone daktari upesi.

Papanicolaou alifariki Miami tarehe 19 Februari, 1962, akiwa na miaka 78. Kipimo chake chaitwa Pap, kwa kulifupisha jina lake. Faida yake humfikia yule aendaye kupimwa angali mzima.